Shilingi 49,320: jinsi ya kuusoma mstari wa umaskini

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2. Asilimia hizo hunukuliwa sana, lakini mstari wenyewe ni nadra kutajwa. Ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kama 1,644 kwa siku.

Hesabu yake huanzia chunguni: chakula cha kumpa mtu mzima kilokalori 2,200 kwa siku kinagharimu kiasi gani? Jibu lilikuwa 33,748 kwa mwezi. Hiyo peke yake huitwa mstari wa umaskini wa chakula. Zinazobaki, 15,572, ndizo za nguo, dawa, sabuni, madaftari na nauli, sawa na shilingi 519 kwa siku. Jijini Dar es Salaam, daladala ya kwenda na kurudi tu ilizimaliza na kuzidi. Kwa hiyo aliye juu kidogo ya mstari si mtu aliyejimudu.

Kuna mtego katika maneno "mtu mzima". Mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake. Chukua kaya ya baba, mama na watoto watatu ambayo, tuseme, hesabu yake imefika watu wazima 3.8. Mstari wake ni 3.8 mara 49,320, yaani 187,416. Ukigawa fedha hiyo kwa vichwa vitano utapata 37,483, na utaiita maskini kaya iliyofika mstarini. Halafu kinachopimwa ni matumizi, si mapato, maana mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka lakini hula kila siku. Mahindi ya ghalani kwake hutiwa bei na kuhesabiwa. Kinachosahaulika zaidi ni chai na chapati za kwa mama ntilie, hasa mkuu wa kaya anapowajibia vijana wake.

Asilimia ya maskini ina upofu wake. Mtu anayetumia 49,000 na anayetumia 25,000 wote huhesabiwa "mmoja". Wa kwanza amepungukiwa asilimia 0.6 ya mstari, wa pili asilimia 49. Mradi unaopimwa kwa asilimia hiyo pekee utavutwa kumsaidia wa kwanza: 320 tu na takwimu imeshuka. Ndiyo maana kina cha umaskini, yaani wastani wa upungufu huo, kitolewe pamoja nayo.

Ukosefu wa usawa ni jambo jingine kabisa. Kipimo chake cha kawaida, Gini, huanzia 0, watu wote wakiwa sawa, hadi 1, mmoja akiwa na vyote. Hupima uwiano. Wa 50,000 na wa 500,000 wakiongezewa maradufu, Gini haitikisiki, lakini pengo limetoka 450,000 hadi 900,000, na kiwanja huuzwa kwa shilingi, si kwa uwiano. Tena matajiri ni wachache na ni wagumu kuwapata kwa mahojiano, hivyo tafiti za kaya kwa kawaida huonyesha pengo dogo kuliko lilivyo.

Wanasosholojia wanaomfuata mwenzao Mjerumani, Max Weber, hawaishii kwenye fedha. Huongeza heshima na madaraka. Hapo ndipo vipimo vya kaya vinapokwama, kwa kuwa hugawa matumizi kana kwamba waliomo hula sawa. Malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa, aghalabu mume, hata kama aliyepalilia ni mke. Kaya iko juu ya mstari, mke hayuko.

Orodha za kaya maskini sana za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, hupita kwanza kwenye mkutano wa kijiji, kisha kwenye dodoso la hali ya kaya. Kila hatua ina kosa lake: mkutanoni asiye na ndugu husahaulika, na dodoso, kwa kutazama bati na vyombo, humkosa mjane aliyeachiwa nyumba nzuri isiyo na unga. Anayesimamia uhakiki wa orodha hizo aulize pia shamba ni la nani, nani hupokea fedha za mazao, na nani alilala bila kula wiki iliyopita. Swali la mwisho aliulize wakati mkuu wa kaya hayupo.