Vodevili: wimbo wa bondeni uliopanda jukwaani

Wanafunzi wangu wa tafsiri wakikutana na vodevili, wengi huandika "kichekesho" na kusonga mbele. Huwa nawarudisha. Vodevili ya Marekani ilikuwa usiku mzima wa vipande: mwimbaji, wanasarakasi, mtu wa mazingaombwe, mbwa waliofunzwa, na mchekeshaji naye katikati yao. Hapakuwa na kisa kilichowaunganisha.

Ila neno lenyewe ni la Ufaransa, na lilianza likiwa wimbo. Wengi hulipeleka Normandy, bonde la mto Vire. Vau ni bonde. Nyimbo za kunywea za huko, ambazo masimulizi humpa Olivier Basselin wa karne ya 15, ziliitwa vau de vire. Wengine hushika voix de ville, yaani sauti ya mji, na kweli Jehan Chardavoine alichapa nyimbo za jina hilo mwaka 1576. Mimi naona majina hayo mawili yalichanganyika vinywani mwa watu. R kugeuka l hakumshangazi msemaji wa Kiswahili.

Ninachokipenda zaidi kilitokea mwanzoni mwa karne ya 18, kwenye magulio ya Paris. Haki ya kuigiza kwa maneno ilikuwa ya Comédie-Française, kundi la maigizo la kifalme, hivyo waigizaji wa gulioni wakakatazwa kusema jukwaani. Wakafanyaje? Waliandika beti kwenye mabango, wakayainua, ala zikapiga mahadhi yanayojulikana na kila mtu, watazamaji wakaimba wenyewe. Mwigizaji kafumba mdomo, umati mzima unamsemea! Maneno mapya juu ya mahadhi ya zamani: hiyo ndiyo vodevili. Baadaye michezo yenye nyimbo hizo ikarithi jina, na mwaka 1792 Paris ikafungua Théâtre du Vaudeville.

Wamarekani walilichukua jina, wakaacha mchezo. Tony Pastor, mwimbaji na mwenye kuendesha ukumbi, aliyasafisha maonyesho yake New York mwaka 1881, matusi na pombe vikaondolewa ili akina mama na watoto waingie.

Kwa hiyo matini ya Kifaransa ya karne ya 18 naitafsiri kwa "wimbo wa mahadhi ya kuazima". Ya Kimarekani naiita "maonyesho mseto", nikikumbuka Muungano na TOT, vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, miaka ya 1990: kiingilio kimoja, ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarabu.