Skelingi: daktari akikusafisha meno anatoa nini hasa?

Watu wengi wakisikia kusafisha meno kwa daktari kinachowajia kichwani ni meno meupe kama ya kwenye matangazo, sasa mtu anatoka kwenye kiti anajitazama kwenye kioo anaona rangi karibu ni ileile, anahisi kaibiwa. Hukuibiwa, ulienda na matarajio ya kitu kingine. Kuyafanya meno meupe kwa dawa ni kazi tofauti kabisa. Hii ya kusafisha, ambayo madaktari wengi wanaiita skelingi, ni kutoa uchafu mgumu ambao mswaki wako hauuwezi hata ukisugua mpaka mkono uchoke.

Kuna vitu viwili hapa na huwa tunavichanganya. Cha kwanza ni ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Sio mabaki ya chakula tu, ni bakteria walioshikana wakajigandisha kwenye jino, na ukiutoa saa hizi basi baada ya masaa machache umeshaanza kujijenga upya. Ukoga mswaki unauweza vizuri tu. Shida inaanza pale unaporuka sehemu, mara nyingi katikati ya jino na jino au pale jino linapokutana na fizi, ukoga ukakaa hapo siku mbili tatu bila kuguswa. Mate yetu yana kalsiamu na fosfeti, yale madini yanaingia kwenye ukoga unaanza kuwa mgumu, na ndani ya wiki mbili hivi umeshakuwa jiwe. Hilo jiwe ndo ugaga. Ni kama ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji, sifongo hautoi kitu hapo.

Jaribu sasa hivi: peleka ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukisikia kitu kigumu chenye kukwaruza, kama ukuta uliounganisha meno, basi umeupata. Unapenda kukaa hapo kwa sababu mirija ya mate inafungukia chini ya ulimi, na mingine iko shavuni karibu na magego ya juu, kwa hiyo na huko nako haukosekani.

Ugaga wenyewe hauumi, na hapo ndo unapotudanganya. Kazi yake mbaya ni kwamba una mikwaruzo, ukoga mpya unapata pa kushika, na uko karibu kabisa na fizi. Fizi zinavimba, zinakuwa nyekundu, ukipiga mswaki unatema damu. Mwaka 1965 mtafiti Harald Løe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno, na wote fizi zikavimba ndani ya siku 10 mpaka 21, waliporudia kupiga mswaki zikapona. Kwa hiyo hatua hii ya kwanza inarudi nyuma. Ikiachwa, kwa baadhi ya watu uvimbe unashuka chini unaanza kula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, unachofanya ni kuzuia usiendelee.

Ukiwa kwenye kiti, daktari au mtaalamu wa usafi wa kinywa anaanza kwa kupima nafasi kati ya fizi na jino kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 mpaka 3 ni kawaida, ikianzia 4 na kuendelea anajua huko chini kuna jambo. Alafu kuna mashine yenye ncha inayotetemeka, kwa kawaida mara zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ina kelele ya kukera kweli na inamwaga maji ili isipate joto, ile mitetemo ndo inavunja ugaga. Penye kona anamalizia na vyuma vya mkono. Mwisho anapiga polishi, jino linakuwa laini na madoa ya chai au sigara yanapungua, ila hiyo ni nyongeza tu. Kama ugaga uko ndani sana chini ya fizi utachomwa ganzi na pengine utarudi zaidi ya mara moja.

Sasa ile hofu kwamba skelingi inalegeza meno na kuyaachia mianya. Hii nimeisikia mpaka kwa watu wasomi. Ukweli ni kwamba mwanya ulikuwepo, ugaga ndo ulikuwa umeuziba, na fizi iliyokuwa imevimba ikishuka unaona sehemu ya jino usiyoizoea. Ndo maana pia maji baridi yanaweza kukusisimua meno siku kadhaa. Kama jino lilishapoteza mfupa, ugaga ulikuwa unalibana tu kama gundi mbovu, ukitoka unagundua limelegea, lawama inamwangukia daktari wa watu.

Kuhusu ule usemi kwamba lazima usafishwe meno kila miezi sita, hiyo sio sheria. Tafiti zilizofanyika kwa watu wenye fizi nzuri wanaomuona daktari mara kwa mara hazikuonyesha tofauti kubwa kati ya kusafishwa kila miezi sita na kila mwaka, kwa hiyo muulize daktari wako kwa hali ya kinywa chako wewe. Mwenye kisukari au aliyefungwa waya za kunyoosha meno huenda akatakiwa mapema zaidi. Na mvuta sigara ndo asijipime kabisa kwa kuangalia kama fizi zinatoa damu, sigara inabana mishipa midogo ya fizi, anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa huko chini na akipiga mswaki asione hata tone.