Wastaafu ni wengi, kura zao si za chama kimoja: dhana potofu kuhusu vyama vya wastaafu

Huwa ninaalikwa kufundisha katika semina za maandalizi ya kustaafu, na mada yangu ni uhusiano wa siasa na hifadhi ya jamii. Sijawahi kuimaliza kabla mtu hajanyoosha mkono na kueleza, kwa uhakika wa aliyekwisha kuamua, kwamba dawa ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ni wastaafu kuunda chama chao, kwa kuwa wao ni wengi na kila mwaka wanaongezeka. Wanaosema hivyo wamesikia kwamba Ulaya vyama vya namna hiyo vipo, na katika hilo hawajakosea. Wanapokosea ni katika yale wanayodhani vyama hivyo viliyafanya. Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Slovenia, ambako chama cha wastaafu kilikaa karibu na madaraka kwa zaidi ya miaka 20.

“Wastaafu ni wengi, kwa hiyo chama chao kitashinda”

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu inageuza idadi ya watu kuwa idadi ya kura kana kwamba katikati hapana kitu. Slovenia ina watu wapatao milioni 2, na wanaopokea pensheni ni zaidi ya laki tano. Chama cha Kidemokrasia cha Wastaafu, kinachojulikana kwa kifupi cha DeSUS, kiliasisiwa mwaka 1991, mwaka ambao nchi hiyo ilijitenga na Yugoslavia. Uchaguzi wake bora kuliko zote ulikuwa wa mwaka 2014, kilipopata asilimia 10.18 ya kura na viti 10 kati ya 90. Kura zenyewe hazikufika 90,000. Hata tukichukulia kwamba kila aliyekipigia alikuwa mstaafu, bado zaidi ya wastaafu wanne katika kila watano ama waliwapigia wengine ama hawakupiga kura kabisa, na huo, narudia, ndio uliokuwa mwaka wake wa neema.

Sababu haina fumbo lolote, kwani mtu hastaafu siasa zake siku anapokabidhi ofisi. Mkulima aliyekifuata chama cha wakulima tangu ujana anabaki nacho, muumini wa parokia ya kijijini anabaki na chama cha Kikristo, na mfanyakazi wa kiwandani aliyelelewa na vyama vya wafanyakazi anabaki upande wa kushoto. Zaidi ya hayo, wastaafu wenyewe hawana maslahi ya aina moja. Mwenye pensheni ndogo anataka kima cha chini kipandishwe, ilhali aliyechangia kwa miaka mingi kutoka katika mshahara mnono anataka malipo yake yalingane na michango yake, na fungu linalotazamiwa kuwaridhisha wote wawili ni moja.

Hata hivyo DeSUS kilikuwa na nguvu, na atakayeelewa zilikotoka hatarudia tena hoja ya wingi. Chukua kalamu na uutazame uchaguzi wa mwaka 2004. Sheria ya Slovenia inakitaka chama kifikishe asilimia 4 ya kura ndipo kipewe viti, na DeSUS kilipata asilimia 4.04, yaani kilivuka kizingiti kwa kura mia chache tu, kikapewa viti 4. Upande wa mrengo wa kulia, chama cha Janez Janša kilikuwa na viti 29, na washirika wake wawili walikuwa na viti 9 na 7. Jumla yao ni 45, ambayo ni nusu kamili ya Bunge, na serikali inahitaji 46. Viti vinne vya wastaafu vikaifikisha hesabu 49. Wizara ya Ulinzi ikaenda kwa mtu wa DeSUS, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili pensheni zipande sambamba na mishahara. Wabunge hao wanne hawakuwa wameshinda uchaguzi kwa maana yoyote ya kawaida. Walisimama mahali ambapo hesabu ya wenzao ilipungukiwa, wakataja bei yao. Chama hicho kilifanya hivyo na serikali za kulia na za kushoto, ndiyo maana kilionekana karibu katika kila mseto hadi mwaka 2020.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanaoniandalia semina wamekwisha kuuchoka, ni huu: kabla hujawahesabu wazee, chunguza jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa viti. Uholanzi nzima huhesabiwa kama jimbo moja lenye viti 150, na chama kinaweza kuingia bungeni kwa asilimia 0.67 tu ya kura. Ndiyo sababu chama cha 50PLUS kilipata viti 2 mwaka 2012 bila hata kufikisha asilimia 2. Huko Uskoti, John Swinburne wa chama cha wazee aliingia bungeni mwaka 2003 kupitia orodha ya kanda, inayogawiwa kwa uwiano. Sasa linganisha na Tanzania au Kenya, ambako mbunge wa jimbo ni yule aliyeongoza, hata kwa kura moja. Wastaafu wametawanyika kila kata na kila kijiji, na chama chenye asilimia 5 katika kila jimbo kinaambulia majimbo sifuri. Viti maalumu vya wanawake vya Tanzania hugawiwa kwa uwiano, lakini kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali. Watu hunijibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Si ya kitaalamu hata kidogo, ni kujumlisha na kugawanya, na mhasibu mstaafu huyafanya kwa dakika tano.

“Chama cha wastaafu kikiwa serikalini, hakuna atakayegusa pensheni”

Watu huutaja mwaka 2011 kama ushahidi, kwa sababu mwezi Juni mwaka huo wananchi wa Slovenia waliikataa sheria mpya ya pensheni katika kura ya maoni, na DeSUS, kilichokuwa kimeipinga, kilijitoa katika serikali ya Borut Pahor mwaka huo huo. Lakini waliobeba mzigo mkubwa wa kampeni ile walikuwa vyama vya wafanyakazi, maana mageuzi yalikuwa yamrefushie kazi mfanyakazi, si mtu aliyekwisha kustaafu. Mwaka uliofuata DeSUS kilikuwa kimerudi serikalini, mwenyekiti wake Karl Erjavec akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, na ni katika serikali hiyo ilipopita sheria ya kubana matumizi iliyopunguza baadhi ya pensheni, kisha mwezi Desemba sheria mpya ya pensheni iliyopandisha umri wa kustaafu. Fedha zinapokosekana, chama kidogo katika mseto huchagua kati ya kupunguza makali ya muswada na kuondoka serikalini.

Kinyume chake, mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kikokotoo kipya kisitishwe na wastaafu waendelee kulipwa kwa utaratibu wa zamani hadi mwaka 2023, na Tanzania haikuwa na chama cha wastaafu. Ilikuwa na watumishi wenye manung’uniko, vyama vya wafanyakazi, na chama tawala kilichojua kwamba uchaguzi unakaribia.

“Kinaongozwa na wazee na kupigiwa kura na wazee”

Erjavec alizaliwa mwaka 1960 na akawa mwenyekiti wa DeSUS mwaka 2005, mtu mwenye miaka ishirini ya kazi mbele yake. Israeli ilikuwa na kiongozi wa umri unaotarajiwa, Rafi Eitan, jasusi wa zamani aliyekaribia miaka 80 wakati chama cha wastaafu cha Gil kilipowashangaza wote kwa kupata viti 7 kati ya 120 mwaka 2006. Huko wapiga kura ndio walioenda kinyume na matarajio, kwani sehemu ya kura hizo ilitoka kwa vijana wa Tel Aviv waliovichoka vyama vikubwa na kutafuta mahali pa kuionyeshea hasira yao. Hasira hiyo haikuwa na mpango wa kudumu, na mwaka 2009 Gil hakikurudi na kiti hata kimoja.

“Kikishaingia bungeni, kimefika”

Mwaka 1994 chama kikubwa cha serikali ya Uholanzi kilipendekeza kutopandisha pensheni ya uzeeni, na wapiga kura waliokasirika wakavipa vyama viwili vya wazee viti 7 kwa pamoja, kimoja kikiwa na 6 na kingine 1. Kile kikubwa kikaanza kugombana chenyewe kwa chenyewe na kumeguka, na uchaguzi wa mwaka 1998 uliwafuta wote. Chama cha 50PLUS kilifika viti 4 mwaka 2017, kikabaki na 1 mwaka 2021, mbunge wake huyo pekee akajitoa chamani baada ya wiki chache, mwaka 2023 hakikupata kitu, na mwaka 2025 kikarudi na viti 2. DeSUS chenyewe, baada ya ugomvi wa uongozi uliomwangusha Erjavec mwanzoni mwa mwaka 2020, hakikufikisha hata asilimia 1 katika uchaguzi wa mwaka 2022. Mtu anayejiunga na chama kwa ajili ya dai moja haoni sababu ya kuvumilia kiongozi asiyempenda.

“Chama cha dai moja hakiwezi kukua”

Kinaweza, ila kwa kuliacha dai lile. Luxembourg kulikuwa na kamati iliyoanzishwa mwaka 1987 kudai kwamba kila mfanyakazi apate pensheni ya sehemu tano kati ya sita za mshahara wake wa mwisho, kama watumishi wa umma walivyokuwa wakipata. Iliingia bungeni mwaka 1989 kwa viti 4. Leo ni ADR, chama cha kihafidhina chenye sera za kila jambo.

“Kwetu sheria hairuhusu”

Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania inakataa chama kinachokuza maslahi ya dini, kabila, rangi, jinsia au eneo fulani, na Ibara ya 91 ya Katiba ya Kenya ina orodha inayofanana nayo. Umri haumo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Anayetaka kujaribu Tanzania atafute wanachama 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, ikiwemo ya Unguja na Pemba, kisha arudi kwenye hesabu ya majimbo niliyoieleza.

Uganda ilichagua njia nyingine. Tangu Bunge la mwaka 2021 imetenga viti 5 vya wawakilishi wa wazee, kando ya vile vya vijana, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Mwenye kiti hicho hakuhitaji kuanzisha chama wala kushinda jimbo, na hazuiwi kuwa na kadi ya chama chochote, kikiwemo kile kinachoandaa bajeti.