Mgongo usiokubali kupona: yoga inasaidia? Maswali ya wamama wa Bukavu

Bukavu ni mji wa milima: aliyeshuka ziwani lazima apande tena, na wamama wengi wanapanda na gunia mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Haya ndiyo maswali wanayotuuliza zaidi sisi watu wa kine (kinésithérapie), yaani tunaotibu mwili kwa mazoezi na mikono.

Mgongo unaniuma tangu Krismasi, na sasa tuko Pasaka. Nimepatwa na nini?

Maumivu yakipita wiki 12 tunayaita sugu. Usiogope neno hilo. Kwa wagonjwa karibu tisa kati ya kumi hatupati mfupa uliovunjika wala ugonjwa mmoja wa kulaumu. Ndiyo maana mara nyingi sikutumi kupiga redio, ile picha ya mifupa (eksirei): itaonyesha diski za uti wa mgongo zilizochakaa, na jirani yako asiyeumwa anazo hizohizo. Pesa hiyo nunua sombe na samaki.

Basi nilale, nimeze diklofenaki?

Hapana. Kulala siku nyingi kunalegeza misuli inayoshika uti wa mgongo. Diklofenaki inatuliza kwa siku chache, lakini ukiimeza miezi mizima bila kupimwa inachoma tumbo na kuumiza figo.

Yoga inaingilia wapi?

Ni mazoezi yenye asili ya India: kunyoosha mwili polepole, kukaa katika mkao fulani, kupumua kwa utulivu. Mtu aliyeumwa muda mrefu anaanza kuogopa kuinama, misuli inakaza kujilinda, na huko kukaza nako kunauma. Mwendo wa polepole unaufundisha mwili tena kwamba kuinama si hatari.

Mwaka 2017 kulitoka matokeo ya jaribio la Boston, Marekani, lenye watu 320, wengi wao wa kipato kidogo. Kundi moja lilifanya yoga dakika 75 kila wiki kwa wiki 12, jingine lilitibiwa na watu wa kine. Yoga haikuachwa nyuma. (Nimekubali, ingawa ni kazi yangu inayoshindaniwa hapo!) Lakini nisikudanganye: mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba) ya 2022, yaliyokusanya majaribio 21, yanasema nafuu ikilinganishwa na kutofanya zoezi lolote ni ndogo. Wengine hata waliumwa mgongo zaidi kwa sababu ya yoga. Anayekuahidi kupona kwa wiki moja anatafuta franga zako.

Kwetu kanisani wanasema yoga ni mlango wa mashetani.

Swali hili nalisikia kuliko yote, na silicheki. Ni kweli yoga ilizaliwa ndani ya dini za India, na kuna wanaoifanya kama ibada. Katika tiba tunachukua miendo na pumzi tu. Hakuna anayekuomba uimbe jina la mungu yeyote. Hata hivyo, kama dhamiri inakusumbua, utafanya zoezi huku umekaza mabega, na faida itapotea. Basi iache yoga. Mwaka 2011 watafiti wa jimbo la Washington waligawa watu 228: wengine yoga, wengine mazoezi ya kawaida ya kunyoosha misuli, wengine wakapewa kitabu cha kujisaidia. Yoga na kunyoosha vyote vilishinda kitabu, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na tofauti. Fanya miendo ileile, iite gymnastique, na mchungaji wako hatakuwa na neno. Mgongo haujui jina la zoezi.

Kwetu hapa mtaani Kadutu nitaifanyia wapi?

Tandika kikwembe kilichokunjwa mara mbili juu ya mkeka. Piga magoti, weka mikono chini, uwe kama meza. Ukitoa pumzi, inua mgongo kama paka aliyekasirika; ukivuta pumzi, uache ushuke taratibu. Mara nane au kumi. Kisha kalia visigino, inama mbele na kunyoosha mikono, pumua mara tano. Mwisho lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua kiuno kidogo na kukishusha. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha kwa kuanzia. Kuvutika kidogo si kitu. Maumivu makali yanayoshuka mguuni, simama hapo. Na kuinama kushika vidole vya miguu magoti yakiwa yamenyooka, achia wenye mgongo mzima.

Lakini kesho nitabeba mzigo tena.

Najua. Anayelipwa kwa mzigo hawezi kuambiwa tu apumzike, na yoga haifuti kilo hamsini. Ukiweza, gawa mzigo safari mbili, tua njiani, na fanya ule mwendo wa paka jioni kabla mwili haujapoa.

Lini nisijaribu kabisa?

Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu: nenda hospitali usiku huohuo, usingoje asubuhi. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, omba kupimwa kifua kikuu. Ugonjwa huo hauishii mapafuni, unaweza kula hata mifupa ya mgongo. Vilevile kama ulianguka, au uliwahi kuwa na kansa, muone daktari kabla ya kutandika kikwembe.