Je, wajua kwa nini gemu za zamani za mkononi zilionekana za pande tatu?

Chukua Game Boy Advance, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 2001. Prosesa yake ni ya megahezi 16.8 hivi, kioo chake kina pikseli (vinukta vya picha) 240 kwa 160, na haina kifaa maalumu cha kuchora maumbo ya pande tatu. Hata hivyo baadhi ya gemu zake zina wahusika walionona, mwanga ukiwapiga upande mmoja na kivuli kikilala upande wa pili. Unene huo unatoka wapi?

Unatoka kwenye kompyuta nyingine. Msanii hujenga umbo la pande tatu kwenye kompyuta yenye nguvu, huliwekea taa, kisha huiachia kompyuta ichore picha moja moja bila haraka. Picha hizo, ambazo sasa ni bapa, ndizo zinazoingia kwenye kaseti. Ni kama mama ntilie aliyepika alfajiri: mchana kazi yake ni kupakua tu. Picha ya namna hii, inayotembea juu ya mandhari, huitwa spraiti.

Njia hii ilivuma mwaka 1994, kampuni ya Rare ya Uingereza ilipotoa Donkey Kong Country kwa ajili ya Super Nintendo, mashine ya kuchezea kwenye televisheni, ikitumia kompyuta za Silicon Graphics. Mwaka uliofuata ikaja Donkey Kong Land kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya zamani zaidi, yenye kioo cha pikseli 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya weusi na weupe. Huko vivuli vya mhusika na vya mandhari vilichanganyikana, hata ikawa shida kumwona anayekimbia. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko sifa zote za gemu ya kwanza.

Sasa tuseme kijana wa Mwanza anatengenezea mashine hiyo ya 2001 gemu ya wavuvi wa dagaa: usiku, mtumbwi wenye karabai unazunguka majini karibu na Jiwe la Bismarck, nasi tunautazama kutoka juu kwa mshazari. Kwa nini asichore picha moja na kuizungusha? Mashine inaweza kuzungusha spraiti, lakini picha bapa iliyochorwa kwa mshazari ukiizungusha, mtumbwi utaonekana unapinduka. Kwa hiyo kila uelekeo unahitaji picha yake.

Akichagua uelekeo 16, kila mmoja unapishana na mwenzake kwa nyuzi 22.5. Picha ya pikseli 32 kwa 32 yenye rangi 16 hula baiti 512, kwa hiyo zote 16 ni baiti 8,192. Nafasi ya picha za spraiti kwa kawaida ni kilobaiti 32, kwa hiyo robo yake imeshaliwa, na bado hajaweka samaki wala mvuvi wa pili. Anaweza kubana: mashine hugeuza picha kushoto kwenda kulia kama kwenye kioo, hivyo picha 9 zinatosha. Lakini karabai ikiwa imening'inia ubavu wa kulia, mtumbwi ukigeuzwa taa inahamia kushoto. Afadhali aiweke katikati.

Rangi nazo zina masharti. Kati ya zile 16, moja ni ya uwazi, zinabaki 15, na ni vyema picha zote za mtumbwi zitumie hizo hizo, la sivyo mbao zitabadilika rangi kila unapokata kona. Pia kingo zisilainishwe kwa kuchanganywa na rangi ya nyuma, maana mtumbwi utazungukwa na ukingo mchafu usioondoka.

Kisha picha inapopunguzwa, kasia lenye unene wake halisi linakuwa jembamba kuliko pikseli moja: linaonekana kwenye picha hii, linatoweka kwenye inayofuata, na kwenye mwendo linamemeteka. Dawa ni kulinenepesha kwenye umbo lenyewe kabla ya kuchora, mara mbili au tatu ya uhalisia, kisha kuipitia kila picha kwa mkono, pikseli kwa pikseli.