Mikono Midogo na Pikipiki: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu mwenye vidole vifupi aliyejaribu kujifunza pikipiki akaishia njiani, mara nyingi kilichomshinda ni klachi. Anaifikia kwa ncha za vidole, inamponyoka kabla hajaiachia taratibu, pikipiki inaruka mbele na kuzima, mwalimu anafoka. Anaambiwa hana nguvu, au kwamba chombo hiki si cha watu kama yeye. Wanaoambiwa hivyo zaidi ni wanawake, lakini wapo pia wanaume wengi wanaoendesha bodaboda kutwa nzima wakiwa na maumivu ya kiganja na kidole gumba, na wao wanayaita uchovu wa kazi. Ukweli ni kwamba pikipiki nyingi hutoka kiwandani na kipimo kimoja cha mkono, na sehemu kubwa ya kuirekebisha imfae mwenyewe ni kazi ya spana. Inatakiwa tu ifanywe kwa kujua, hasa kwenye breki ya mbele.

"Mkono utazoea tu"

Kiganja kinajenga nguvu, ni kweli, lakini mifupa ya vidole vya mtu mzima hairefuki. Kaa juu ya pikipiki iliyozimwa, shika mpira wa usukani huku kifundo cha mkono kimenyooka, kisha nyoosha vidole kuelekea kwenye kishikio, yaani ule mkono wa klachi au breki unaovutwa kwa vidole, bila kuachia mpira. Kishikio kikiangukia kwenye kiungo cha kwanza cha vidole kutoka nchani, au ndani zaidi, uko sawa. Kikigusa ncha tupu, au ukilazimika kuzungusha kiganja kizima ili ukifikie, basi kiko mbali mno kwako. Upande wa kulia hilo ni hatari zaidi, kwa sababu anayezungusha kiganja kuifuata breki hujikuta anavuta resi bila kukusudia pale anapokirudisha.

Na hata hiyo nguvu inategemea umbali. Vidole hubana vizuri zaidi vikiwa vimekunjwa kiasi. Ndiyo maana kifaa cha hospitali cha kupimia nguvu za kiganja kwa kawaida huwekwa kwenye upana wa karibu sentimita 5. Vidole vilivyonyooshwa hadi mwisho havina nguvu, awe mwenyewe ni mnyanyua vyuma.

"Legeza waya wa klachi, kishikio kitasogea karibu"

Tiba hii inatolewa kwenye vijiwe vingi, na ina nusu ya ukweli. Mahali kishikio kinapopumzika panategemea kizuizi kilichopo kwenye kikamatio chake, kile kipande kinachokifunga juu ya usukani, si waya. Ukilegeza waya, kishikio kinabaki na umbali uleule, ila kinachezacheza. Kinachosogea ni pale klachi inapoanza kuachia na kukamata: panakuja karibu zaidi na mpira. Kwa mkono mdogo hilo linasaidia kweli, kwa kuwa kazi nzito inafanyika vidole vikiwa vimeshakunjwa.

Shida ni pale fundi anapopitiliza. Pikipiki nyingi za kazi zinataka nafasi ya kucheza ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya kishikio, na kitabu cha pikipiki yako kinataja kiasi chake hasa. Ukizidisha, klachi haiachii kabisa hata ukivuta mpaka mwisho. Gia inaingia kwa kishindo, frii haipatikani kwenye foleni, pikipiki inataka kuondoka huku umeshika klachi, na pleti za klachi zinasuguana muda wote. Anayekaza waya mpaka nafasi yote iishe naye anajitafutia mengine: klachi inateleza, injini inalia lakini mwendo hauji, hasa kwenye mlima ukiwa na abiria, na pleti zinaungua.

Kwa mwenye mikono midogo, weka nafasi ya kucheza kwenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa, usikivuke. Legeza nati ya kufungia karibu na kishikio, zungusha kirekebishio, pima kwa rula ncha inasafiri kiasi gani kabla waya haujakaza, kisha kaza nati. Kirekebishio cha juu kikifika mwisho, kipo kingine chini, waya unakofika kwenye injini. Halafu jaribu mahali tambarare: vuta klachi, ingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikijivuta, umelegeza kupita kiasi.

Kuhusu klachi nzito, usikubali haraka kwamba imezaliwa hivyo. Waya mkavu, wenye kutu, au uliokunjwa kwa pembe kali nyuma ya taa ya mbele, unaongeza uzito mwingi sana. Uchomoe upande wa juu, uudondoshee mafuta mepesi mpaka yatokee chini, na paka grisi kidogo kwenye skrubu ambayo kishikio kinazungukia. Ukikuta nyuzi zimeanza kukatika, hapo mafuta hayasaidii; nunua waya mpya.

"Mkono mdogo unataka kishikio kifupi"

Vile vishikio vifupi vya rangi vinavyoning'inia kwenye maduka ya spea vinauzwa kwa maneno hayohayo, na nasikitika kila nikiona mtu anayehangaika na klachi nzito ameuziwa. Ufupi wa kishikio haupunguzi umbali kati yake na mpira. Unachopunguza ni wenzo. Vidole vikivuta sentimita 12 kutoka kwenye skrubu, kisha ukahamia kwenye kishikio kinachokulazimisha kuvuta sentimita 8, utahitaji nguvu mara moja na nusu kwa kazi ileile. Mwenye vidole vifupi anatakiwa avute karibu na ncha, na namna ya kufika huko ni kulegeza kikamatio na kukisogeza kidogo ndani, upande wa katikati ya usukani.

Ukishalegeza kikamatio, kitazame na pembe yake pia. Pikipiki nyingi zinakabidhiwa vishikio vikiwa vimetazama juu mno, na vidole vinapoteza urefu kwa kupanda kwanza ndipo vishuke. Kizungushe kielekee chini hadi mkono, kifundo na vidole vifuate mstari mmoja ukiwa umekaa kama unavyokaa barabarani. Hii haigharimu chochote na ingepaswa kuwa hatua ya kwanza kabla ya kununua kitu. Upande wa breki ya diski, hakikisha tu kikombe cha mafuta hakijalala sana, kisha peleka usukani kushoto na kulia hadi mwisho uone kama mpira unaopitisha mafuta ya breki haujavutika.

"Breki ya mbele nayo ijazie kitu, ije karibu"

Hapa naomba usome polepole. Kama breki ya mbele ni ya drami na waya, mantiki inafanana na ya klachi, na ukimaliza unainua gurudumu uone linazunguka bila kukwama. Breki ya diski ni habari nyingine.

Kishikio cha diski kinasukuma pistoni ndogo ndani ya pampu iliyo juu ya usukani. Ukikiachia, pistoni inarudi nyuma kabisa na kuacha wazi kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta ya breki kurudi kwenye kikombe. Kitundu hicho kisipofunguka, mafuta yakishika joto yanatanuka na hayana pa kwenda. Breki inaanza kujibana yenyewe, kujibana kunaongeza joto, joto linaongeza kujibana, na mwisho gurudumu la mbele linaweza kufunga kabisa.

Sasa fikiria fundi aliyechomeka kipande cha bati au kichwa cha skrubu ili kishikio kisirudi mbali. Kama kitu hicho kinaizuia pistoni kurudi hata kidogo, ameziba kile kitundu. Pikipiki itajaribiwa mbele ya gereji na itaonekana nzima. Itakuja kusumbua kwenye mteremko mrefu, imebeba watu.

Njia salama ni kishikio chenye kirekebishio chake, kilichotengenezwa kwa ajili ya pampu ya aina ya pikipiki yako. Hicho kinasogeza sehemu inayoshikwa na vidole bila kuigusa ile inayosukuma pistoni. Vingine vina gurudumu dogo lenye namba, vingine skrubu. Baada ya kukifunga, angalia mambo mawili. Kwanza, pawepo bado mwendo mdogo mtupu kabla pistoni haijaguswa. Pili, ukibana kwa nguvu zote kishikio kisigonge mpira wala vidole vilivyobaki. Kikigonga, kirudishe mbele, na ukaguzi wa hewa kwenye mafuta ufanyike kabla hujaingia barabarani.

Kuna na wale wanaopinda kishikio kwa nyundo au kwa moto. Vishikio vingi ni vya aluminiamu ya kumiminwa, na ukikipinda kinapata ufa usiouona. Kitakatika siku unayokibana kwa nguvu kuliko siku zote, yaani siku ya dharura.

"Mpira mnene hupunguza mtetemo, unafaa kila mtu"

Kwa mkono mdogo ni kinyume. Ukivisha mpira sponji au ukanda wa tyubu wenye unene wa milimita 3, kipenyo kinaongezeka milimita 6, na mzunguko ambao vidole vinatakiwa kuuzingira unaongezeka karibu milimita 19. Hizo ni karibu sentimita mbili za kidole ulizozitupa kabla hujakigusa kishikio. Toa sponji, tafuta mpira mwembamba. Glavu vilevile: ncha za vidole zilizobaki tupu zinanasa kwenye kishikio, kwa hiyo nunua kwa kupima mzunguko wa kiganja, usikadirie kwa macho.

"Basi nunua pikipiki ndogo"

Ukubwa wa injini haupimi mkono. Bomba la usukani la pikipiki ya CC 100 na la nyingi zenye injini kubwa lina kipenyo kilekile cha milimita 22 pale mpira wa kushoto unapovalishwa, na mara nyingi zile za bei kubwa ndizo zinazokuja na vishikio vya kurekebisha. Dani Pedrosa wa Hispania, mwenye urefu wa takriban sentimita 160, alishinda mbio 31 za MotoGP, kwenye mashine zenye kasi kuliko chochote kinachopita barabara ya Morogoro.

Kukwepa klachi kabisa kunawezekana. Honda Super Cub ya mwaka 1958 iliundwa bila kishikio cha klachi, ili hata mpeleka chakula wa mgahawa wa tambi Japani aiendeshe kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia. Pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Kigali na Nairobi nazo hazina klachi ya kuvuta. Ila kwenye skuta nyingi kile kishikio cha kushoto hakijaondoka: kimegeuka kuwa breki ya nyuma, na sasa unahitaji kuifikia breki kwa mikono yote miwili. Kabla ya kulipa, kaa juu yake na upime pande zote mbili.