Lebo Kwanza, Ua Baadaye

Kila ifikapo Julai, vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, huwa napokea wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza wanaotaka kujifunza utafiti wa mimea na uhifadhi wake katika misitu ya Usambara Mashariki. Wengi huja na ndoto ya kugundua spishi mpya. Mimi huwaanzishia penseli na daftari, na siku mbili za kwanza hatukati hata jani.

Mmea uliobanwa ndani ya magazeti, ukakaushwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu, hauna thamani kubwa kisayansi usipokuwa na lebo inayoeleza ulichumwa wapi, lini, na nani, na ulikuwa na sifa zipi ambazo hupotea ukikauka: rangi ya ua, harufu ya jani lililofikichwa, utomvu unaochuruzika gome linapochanjwa kwa panga. Mwanafunzi huyaona haya kuwa mambo madogo mpaka nimwoneshe sampuli niliyoichuma mwenyewe nikiwa na umri kama wake, ambayo lebo yake inasema tu "karibu na daraja". Daraja hilo lilisombwa na mafuriko zamani, nami sikumbuki tena lilikuwa juu ya mto gani.

Kijiji cha Amani, huko huko Usambara Mashariki, ni mahali pazuri pa kufundishia somo hili, kwa kuwa Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti mwaka 1902, na mkusanyo wake wa mimea mikavu ndio chimbuko la Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya sampuli za mimea mikavu, iliyoko Nairobi. Lebo za enzi hizo mara nyingi hutaja jina la mahali na mwinuko basi, na kazi ya mwanafunzi ni kukisia kwa hoja, akiwa na ramani mbele yake, mchumaji alisimama wapi.

Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayoamua hatima ya mmea. Kwa vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha spishi kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, tunaweka kwenye ramani kila mahali spishi ilipopatikana, kisha tunahesabu miraba ya kilomita mbili kwa mbili ambamo imo. Jumla ikiwa chini ya kilomita za mraba 500, na masharti mengine kama kuendelea kuharibiwa kwa makazi yake yakitimia, spishi inaweza kutambuliwa kuwa imo hatarini kutoweka. Tarakimu moja ikikosewa, hesabu yote huharibika. Nimewahi kuona mti wa milimani ambao, kwa mujibu wa ramani ya mwanafunzi, ulikuwa ukiota katikati ya mkondo wa Pemba.

Hata hivyo ramani nayo haitoshi. Mti uitwao Erythrina schliebenii, uliopewa jina la Mjerumani Schlieben aliyekusanya mimea Tanganyika miaka ya 1930, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, kisha mwaka 2001 ukaonekana tena katika msitu wa wilaya ya Kilwa. Kumbe ulikuwa umetoweka kwenye makaratasi tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepeleka sampuli yake hebaria kwa miongo mingi.

Likizo ndefu ina kasoro yake: miti mingi tunayoikuta msituni wakati huo haina ua wala tunda. Zamani nililalamika, siku hizi nashukuru, maana mwanafunzi hulazimika kutazama mpangilio wa majani, vinyweleo vya chini ya jani na tezi zilizo kwenye kikonyo, mambo ambayo ua humfanya mtu ayapuuze.

Msimu uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea kichaka kisicho na ua, kikiwa na lebo ya mistari kumi na minne: latitudo, longitudo, mwinuko, aina ya udongo, na mwisho kabisa, "mita 12 kusini mwa jiwe kubwa lililopasuka". Nilimuuliza kwa nini hakutaja daraja lililokuwa jirani zaidi. Alicheka, akaendelea kushona.